Barua Ndani ya Buti

Basi limekwama mpakani Larsi, theluji imefunga njia,
malori mia mbili mbele yetu
na askari mmoja mwenye mafua.
Nimetumbukiza mguu katika buti la kushoto
nikakanyaga karatasi.

Mwandiko wa baba, fundi viatu wa Gyumri,
penseli ileile ya kuchorea nyayo za wateja.
"Nvard," ameanza. Si "mpenzi", si "mwanangu",
jina tupu, kama mtu anayeita
kutoka chumba cha pili.

"Sitakuambia kwamba mama yako halali.
Sitataja kuwa leo alipanga vikombe vitatu mezani
kisha akarudisha kimoja kabatini."
Hukutaja, baba.
Nami nimekiona kikombe,
kile chenye ufa kwenye mkono.

Kisha maswali, moja baada ya jingine,
kama vile vimisumari anavyovibana midomoni akifanya kazi:
"Nani alisimama dede kwa miezi tisa,
akaanguka, akacheka?
Nani alivuka mto juu ya barafu
akimfuata mbwa asiye wake?
Baridi ya Omsk, hebu niambie, ina meno gani
ambayo lile kontena ulimozaliwa halikuwa nayo?"

Hataki jibu. Ananiachia nijijibu,
maana neno la baba naweza kulibishia,
langu mwenyewe nitalikana vipi?

Mara tatu ameandika "nenda".
La kwanza kalikandamiza hadi karatasi ikatoboka.
La pili ni la mkono wa kila siku.
La tatu limepinda, linateremka ukingoni,
na hapo, nadhani, aliitisha chai.

"Duka limefurika," anasema,
"sina hata nafasi ya kukukumbuka."
Baba, nilikuwepo ulipouza cherehani.
Mtu yule alihesabu noti mara mbili, wewe ukatazama dirishani.
Nimeikalia hapa, kiti cha kumi na nne,
cherehani iliyogeuka nauli,
na soli za buti hizi
zimeshonwa kwa mkono, uzi mara mbili kisigino.

Sentensi ya mwisho haina pambo:
"Likikubana, usiulaumu mguu."

Askari anapiga chafya. Mbele huko
lori moja linanguruma, la pili linaitikia.
Nakunja karatasi, nairudisha ilikokuwa,
navuta kamba.
Inabana kidogo, upande wa kidole gumba.
Siitoi.