Kitenzi Bado Kiko Njiani

Baba alikuwa mwelekeza treni, miaka thelathini na moja
kwenye kibanda cha ishara kaskazini mwa Halle,
na kazi yake, alipenda kusema, ilikuwa kusubirisha:
ya makaa aisogeze pembeni, ya abiria ipite,
na nyuma ya abiria ikija nyingine yenye haraka zaidi
abiria nao wakae pembeni, watazame saa zao,
kisha azifungulie, ya mwisho kusimama ikiwa ya kwanza kuondoka,
asisahau hata moja gizani.

Sikujua kuwa hivyo ndivyo tunavyosikiliza.

Bi Oelsner, mtaalamu wa tiba ya usemi,
ananionyesha picha ya ubongo: doa,
juu ya sikio la kushoto, mbele kidogo,
dogo kuliko nilivyoogopa.
"Maneno yamo," anasema. "Ghala halikuungua.
Kilichovunjika ni swichi ya reli."
(Amekwisha kuijua kazi ya Baba. Wote hapa wanaijua.)

Anaweka kadi mbili mezani.
Kwenye hii msichana anamsukuma mvulana thelujini,
kwenye ile mvulana ndiye msukumaji.

Msichana anamsukuma mvulana.
Baba anagusa kadi, papo hapo, sawa.

Msichana anasukumwa na mvulana.
Kidole kinaning'inia.
Msichana anamjua. Mvulana anamjua. Kusukuma je?
Alisukuma baiskeli yangu hadi Trotha na kurudi.
Ila ile punje moja ya sauti
inayomgeuza mtenda akawa mtendwa
imempita kama behewa lisilo na taa.
Anabahatisha. Na anajua kuwa anabahatisha,
hilo ndilo linaloniuma.

"Usijione mzima sana," Bi Oelsner ananiambia. "Sikiliza:
paka ambaye mbwa ambaye jirani alimpiga teke alimfukuza alikufa."
Nani alikufa?
Nikafumba macho. Paka nikamweka pembeni, mbwa pembeni,
jirani alipoinua mguu nikapoteza wote wawili.
Basi kila fuvu lina njia zake chache za kupishania.
Mimi ninazo mbili na nusu.
Baba amebakiwa na moja, imeota nyasi.

Na hiki Kijerumani chetu hakina huruma:
hukusanya watu, mizigo, tarehe, mvua,
huvijaza vyote ndani, hufunga milango,
ndipo mwisho kabisa hukumbuka kuleta kitenzi.

Jumapili, kwenye supu, Baba alianza:
"Mama yako, ambaye siku ile, pale darajani, na mwavuli wa..."
Kijiko juu. Kimya.
Nimekatazwa kummalizia.
Supu ikapoa, tukainywa hivyo hivyo.

Jumatatu nikaenda kazini na sentensi iliyo wazi.
Mama alikuwa kwenye foleni ya posta pamoja nami,
Mama alikuwa kwenye lifti,
na mwavuli, darajani, havuki, harudi,
marehemu wa miaka sita akisubiri atendwe au atende.
Usiku niliamka kuhakikisha sijamwangusha.
Nilichoka, nakiri. Kumshikilia mtu bila kitenzi
ni kama kushikilia mlango kwa mgeni
ambaye hujui kama yuko kwenye ngazi.

Jumanne jioni Baba alikuwa akimenya viazi vyekundu,
mikono kama ya mchinjaji, mgongo kwangu.
Redio ilikuwa ikitaja kina cha mto Saale.

"...alicheka," akasema.

Akaendelea kumenya.
Nami ndani ya kichwa nikasikia kitu kizito
kikianza kusogea, taratibu, gurudumu baada ya gurudumu.

"Alicheka nini, Baba?"

"Kwa sababu," akaanza,
nikavuta kiti.