Tarehe ya Picha

Mwaka wa kwanza hapa Erie sikuwa na deni la mtu,
nikadhani hiyo ni sifa.
Mwenye nyumba wa Mtaa wa Parade akatazama kompyuta,
akatazama tena, akasema: wewe hupo.
Nimesimama mbele yake,
buti zangu zinachuruzika theluji juu ya zulia lake,
nami sipo.

Basi nikakopa ili nionekane.
Kadi ya buluu, mwisho wake dola mia tano,
jina langu limechomoza juu yake, Mghoi M.,
unaweza kulisoma kwa kidole gizani.
Usiku kiwandani nafyatua vifuniko vya chupa.
Plastiki huingia chembechembe, hutoka na umbo.
Sikujua kuwa kipande cha plastiki
nacho hufyatua watu.

Novemba ziwa lilitutemea theluji siku tatu mfululizo.
Gari likateleza, likabusu nguzo ya taa.
Matairi manne ya baridi:
mia nne na sitini.
Nikapitisha kadi. Nikangoja bili.
Siku ya Krismasi, nikiwa zamu ya ziada,
nililipa yote, hadi senti, kabla hawajanidai,
nikalala kama mtoto aliyeshiba.
Mama kule Wundanyi husema dawa ya deni kulipa,
na mimi nilikuwa nimekunywa chupa nzima.

Asubuhi nikafungua simu nisome sifa zangu.
Mia sita themanini na nane
ilikuwa mia sita arobaini na tano.

Nilihesabu mara mbili. Nilidhani nimeibiwa.
Nilidhani kuna Mghoi mwingine
anayekula kwa jina langu.

Fikreta wa mashine ya tatu,
Mbosnia aliyefika mji huu kabla sijaota meno,
alicheka hadi mkate ukamtoka mdomoni.
Bili yako hufungwa lini?
Tarehe tatu.
Ukalipa lini?
Ishirini na tano.
Akachukua kifuniko kibovu, akakijaza chai
mpaka ikataka kumwagika.
Hivi ndivyo ulivyokuwa tarehe tatu, alisema,
siku waliyokupiga picha.
Wewe umenawa uso
mpiga picha ameshaondoka.

Lakini nililipa!
Ulilipa. Nani amekataa?
Aliyelipa na anayezama huonekana sawasawa
maji yakiwa shingoni.

Nikakaa na hilo hadi kengele ikalia.
Kumbe dawa ya deni ina saa zake,
kama zile za wazee wenye kisukari:
meza mapema, usingoje ugonjwa uandikwe.

Siku hizi nalipa tarehe mosi.
Silipi yote. Naacha dola kumi na moja,
kama mgeni aachavyo tonge sahanini
ili mwenye nyumba ajue alikula, na hakuwa na njaa.
Nilitaka pia kuikata kadi kwa mkasi,
nikaambiwa nikiikata
hata hilo tonge litaonekana mlima.
Kwa hiyo inakaa drooni, chini ya soksi,
nyepesi, mwisho wake uleule,
na namba zangu zinapanda polepole
kama bibi mwenye magoti mabaya.

Jumapili mama alipiga simu.
Una deni huko?
Dola kumi na moja, mama.
Huna za kulipa?
Ninazo. Nimeziacha makusudi.
Akanyamaza, muda mrefu, kwa vocha yake mwenyewe.
Nilisikia kuku, nilisikia mtu akipasua kuni.

Na huyo anayekupiga picha, akauliza,
umewahi kumwona?

Niliitazama kalenda ukutani,
ile ya benki, yenye picha ya mnara wa taa.
Ilikuwa tarehe mbili.
Nikajikuta nanyoosha kola.