Fomu Inauliza Tangu Lini

Fomu inauliza: unaishi hapa tangu lini?
Nimeandika Februari, nikafuta.
Februari ilikuwa ya kulala sebuleni kwa shemeji,
godoro likikunjwa kabla ya azana.
Nimeandika Aprili, mwezi wa kodi ya kwanza,
miezi sita kwa mpigo, na mvua
ikahamia chumbani kabla ya kitanda.

Bi Shamimu anagonga kalamu mezani.
"Kabula binti nani?"
Ng'wandu, nasema. Anaandika Mwandu.
Namwomba anirudishie king'ong'o changu.
Anacheka, si kwa ubaya, anakichomeka
kama kishikizo kilichodondoka kwenye blauzi.

"Kitambulisho?"
Ninayo namba tu, kwenye karatasi ya Maswa
iliyokunjwa hadi tarakimu mbili
zimeliwa na mkunjo. Nimezihifadhi kichwani.
"Picha?"
Hizi hapa, nyuma kitambaa cha buluu.
Ya Limbu imetoka amefumba macho:
kikohozi kilimpitia pale pale,
na mpiga picha harudii bure.

"Barua ya mwenyekiti wa mtaa?"

Nikarudi Pasua kwa miguu.
Mwenyekiti alikuwa amechuchumaa, anavuta kamba
ya msingi wa choo.
"Sikujui," alisema, na alisema kweli.
"Niletee anayekujua."

Nani anijue? Muuza mkaa ananiita dada.
Dukani mimi ni yule wa unga robo.
Kwetu hata mbwa wa njia panda
wanajua natoka kaya ipi.

Nikagonga ukuta wa mbao.
Mama Aikaruwa akatoka, vidole vyeusi
kwa utomvu wa ndizi.
Miezi mitatu, ubao mmoja katikati yetu,
na maneno yetu hayajawahi kuzidi umeamkaje.
Sikumaliza kueleza.
Alivua ndala, akavaa viatu vya kanisani,
akatangulia.

"Namjua," alimwambia mwenyekiti.
"Anaitwa nani?"
"Jina sijui.
Mwanawe anakohoa saa nane, kisha saa kumi.
Saa nane anampa maji ya moto, nasikia kijiko
kikigonga kikombe. Saa kumi anamwimbia
kwa lugha yao, wimbo una ng'ombe ndani yake,
ng'ombe nimewasikia, mengine sijui.
Jumanne mtoto hakukohoa.
Nikakesha mimi, nikisubiri.
Sasa huyo kama si mkazi, ni nani?"

Mwenyekiti alijipangusa saruji kwenye suruali,
akaiandika barua juu ya goti, akapiga muhuri.
Wino ulilalia upande mmoja:
Kiliman, halafu ukungu,
sawasawa na mlima wenyewe asubuhi za Julai.

Kesho yake Bi Shamimu aliisoma mara mbili.
Akahesabu pesa yangu, noti za kopo la kahawa
zilizonuka kahawa.
Akaishika picha ya Limbu, akaigeuza, akaigeuza tena.
"Hii ya kufumba macho, mfumo unaweza kuikataa."
Iache, nikamwambia. Ndiye huyo.
"Subiri ujumbe kwenye simu. Wiki mbili, tatu."
Na akikohoa leo?
Alifungua mdomo, akaufunga,
akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Usiku, saa nane, Limbu alianza.
Nilipapasa chupa ya chai: tupu, nilisahau kuijaza.
Ubao ukagongwa.
"Kadi imetoka?"
Bado, mama.
Kimya. Kiberiti kikachanwa upande wa pili,
jiko la mafuta likapumua, na baada ya muda
kijiko, ambacho si changu,
kikagonga kikombe.