Nyuzi Themanini na Saba

Mwaka ule tulikuwa na kipimajoto kimoja
kwa wanafunzi thelathini na wanane.
Nilitoka nacho Oruro, saa tano ndani ya basi,
nimekitia mfuko wa kifuani kama abebaye yai,
nikikipapasa kila tulipoangukia shimo.

Jiko la gesi tuliazima kwa mpishi wa shule.
Sufuria ilikuwa yangu, imebonyea ubavu.
Maabara lilikuwa darasa lilelile la historia,
kioo kimoja kimezibwa kwa kadibodi,
na upepo wa nyanda za juu ukiingia bila hodi.

Nikawaambia: Pimeni. Andikeni mnachokiona.
Kisha nikageuka,
nikaandika ubaoni jibu kabla ya swali:
Maji huchemka kwa nyuzi mia moja.

Waliinamia mvuke zamu kwa zamu.
Madaftari thelathini na saba yakarudi na mia moja.
Wengine waliongeza nukta na sifuri
ili waonekane wamepima kwa makini.
Faustino Ajata, ambaye siku ile hata hakuja shule,
naye alipata mia moja.

Wewe, Zulma Copa, uliandika themanini na saba.
Chini yake, kwa penseli iliyobaki kisiki:
"Nimengoja dakika kumi na mbili. Haipandi."

Nikachukua kalamu nyekundu.
Sitasema nilikuwa nimechoka, ingawa nilikuwa nimechoka.
Nikaikata namba yako kwa mstari mmoja ulionyooka
na pembeni nikaandika: Uwe makini.
Hukubisha. Ulivuta kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
ukafunga daftari.

Mimi ni mtu wa Beni, wa mito na joto.
Miezi minane nilikuwa nikiishi huko juu
na miezi minane nikiyalaumu maharage:
ya zamani, ya ghala, muuzaji kanipunja.
Usiku ule yalichemka saa tatu
na bado yaligonga meno kama changarawe.
Sijui nini kilinituma mkono mfukoni.

Themanini na saba.
Nikakitoa, nikakifuta, nikakirudisha.
Themanini na saba.

Nikafungua kitabu. Yalikuwepo, maneno madogo
chini ya jedwali, ambayo sikuwahi kuyasoma kwa sauti:
katika usawa wa bahari.
Bahari! Nchi yetu haina bahari.
Kitabu kilichemsha maji yake mahali tusipokuwapo,
chini ya hewa nzito tusiyoivuta.
Huku juu hewa ni shuka jepesi,
na maji, kama yeyote aliyelala bila blanketi,
huamka mapema.

Asubuhi nilikwenda darasani na sufuria ya maharage.
Nikauliza nani anajua kwamba hapa
hayaivi kabla ya nusu siku.
Mikono thelathini na minane ikapanda.
Faustino alinyoosha yote miwili.

Walijua. Jikoni walijua wote.
Mlangoni pangu waliuvua ujuzi huo
kama viatu vyenye tope.

Nikasema mbele yao: Zulma alikuwa sahihi,
mimi ndiye niliyekosea. Nikakurudishia alama zako.
Nilitarajia utabasamu.
Nadhani nilitaka utabasamu.

Wewe ukakunja uso na kuuliza:
"Lakini mwalimu, umejuaje
kwamba kipimajoto chenyewe hakikosei?"

Darasa likanyamaza. Upepo ukagonga kadibodi.
Nilikuwa na jibu, au kitu kilichofanana na jibu,
na chaki ilikuwa tayari mkononi.

"Nje kuna ndoo," ukasema, "imeganda."

Tukatoka sote. Mtu akavunja barafu kwa kisigino,
mtu akaisaga kwa jiwe, tukangoja ianze kutoa maji.
Vichwa vyenu vilifunga duara, nami nikawa nje yake,
nikichungulia juu ya mabega,
chaki nimeitia mfuko ule wa kifuani.