Muhina, Darasa la Nne

Nani kati yenu amewahi kutokwa damu puani?
Nimeuliza Jumatatu, Newala,
upepo wa Juni ukikwangua koo kama msasa.
Mikono hamsini na miwili, kati ya watoto sitini na mmoja.
Swaumu kanyoosha yote miwili:
mmoja wake, mmoja wa mdogo wake aliye nyumbani.

Likunda hakunyoosha. Likunda alianza.
Tone, juu ya sita mara saba. Tone jingine, juu ya jibu.
Kabla ya kengele hushika pampu ya salfa na mjomba wake,
huja shule na kope za manjano.
"Tazama juu!" wamepiga kelele nusu ya darasa.
"Mmwagieni maji utosini!"
Nimemwinamisha mbele, nikambana pua
pale palipo laini, chini ya mfupa,
na darasa zima likahesabu hadi mia sita
kwa sauti. Mia nne tuliirudia, Hamisi alituvuruga.
Tulipofika, imekata.

"Mimi huwa nachokonoa," Swaumu kaungama. Wamecheka.
Nikawaambia ni kawaida:
mishipa ya humo ni myembamba, iko karibu na ngozi,
na vumbi na mafua na kucha haviombi ruhusa.
Huwashika zaidi wadogo kama ninyi,
na wakubwa kama bibi zenu.
Sisi wa katikati hupumzishwa kidogo,
tukajiona tumepona.

Sikuwaambia habari ya mama.

Bi Somoe, miaka sabini na mmoja,
vidonge vya presha huvikata nusu
ili mwezi usimwishie njiani.
Usiku ule alikaa kiti cha jikoni, ncha ya kanga puani,
akasema ni joto.
Joto, Juni, Newala!
Tulihesabu mia sita. Tukahesabu tena.
Yake ilishuka kwa nyuma, kooni,
naye alikuwa akiimeza
kwa adabu, asimwamshe mtu.
Mara ya tatu nikampigia simu wa bodaboda.

Leo yuko kitandani, pamba puani, anasema kama mtu aliye ndani ya mtungi.
Nimemwuliza nilivyowauliza wanangu wa la nne:
Mama, ilikuwa mara ya kwanza? Nyoosha mkono.
Ametazama dirishani.
Ametazama dripu.
Kisha, juu ya shuka, vidole:
kimoja, viwili,
na cha tatu kimejikunja, hakijaamua.