Maji Yamekatika Tena

Jana usiku niliandika maneno juu ya subira,
nikayapiga pasi mpaka yakanyooka,
nikayabandika chini ya picha ya lile jiwe la Kamanga
ambalo kila mgeni wa Mwanza amelipiga picha
jua likiwa limelikaa kichwani kama kapelo.
Kufikia saa nne: laiki mia nne na kumi na mbili.
Nikalala nimeshiba.

Asubuhi nikafagia usubi.
Sisi wa kando ya ziwa tunaujua:
unatoka majini kama moshi wa tanuri,
unaifuata taa, unajaa, unavuma,
na alfajiri ni kizoleo kimoja tu,
chepesi hata ufagio hauhisi.

Saa tatu akaja binti kibandani kwangu, Makoroboi,
mtandio kauzungusha shingoni na jua lile,
mgongoni mtoto wa miezi minne.
Nikamsalimu. Kimya.
Nikasema moyoni: hawa wa siku hizi!
Akavuta daftari langu la risiti, akaandika:
"Naitwa Nkwimba. Nilipasuliwa koo Bugando mwaka jana.
Natafuta sauti yangu."

Simu yake ilikuwa imekunywa maji ya ziwa, gatini.
Nikaipangusa kwa spiriti, nikaibembeleza, wapi.
Basi tukaingilia simu yangu. Nywila
akaibahatisha mara tatu, ya nne ikakubali,
tukashuka, tukashuka, miaka miwili chini,
tukipita vitenge, keki za watu,
heri za Idi, heri za Krismasi, kuku wa mtu aliyepotea,
mpaka hapo:

sekunde kumi na tisa.
Ndoo nne zimepanga foleni, bomba linakohoa,
na sauti ya mwanamke, nzito kidogo:
"Jamani, maji yamekatika tena Mabatini!
Mwenye ndoo moja aniuzie... wee Mhoja, usinicheke!"
Kisha kicheko chake mwenyewe, kikakatika katikati,
sijui bando liliisha, sijui kidole kiliteleza.

Laiki tatu. Moja yake mwenyewe.

Akamfungua mtoto mgongoni, akampakata.
Tukairudia. Mtoto akaacha kunyonya ngumi,
akaitazama simu, akautazama mdomo wa mama yake,
akarudi kwenye simu,
kama mtu anayehakiki chenji.
Fundi saa wa kibanda cha pili akazima redio.
Tukairudia.

Sikujua nitoze nini.
Nikasema elfu mbili, ya kadi ya kumbukumbu.
Akasoma bango langu la bei, mstari kwa mstari,
akahesabu elfu nane mezani,
akaandika: "Kazi ni kazi."

Sasa nimekaa barazani, Kitangiri, giza limeingia.
Hadithi hii ninayo kidoleni.
Najua ingefika mbali, mpaka Bukoba, mpaka ng'ambo;
najua hata picha ya kuipamba.
Usubi umeanza kuzunguka taa.

Ndani mke wangu anagombana na jiko la mkaa,
analiita majina ya ukoo wangu wote,
ameshafika kwa babu.
Nimebonyeza kurekodi.
Sijamtumia mtu.