Nywila kwenye Droo ya Cherehani

Umeme ulirudi saa tatu usiku,
Awindiri nzima ikashangilia kama kawaida yake,
nami nikapiga moyo konde, nikasema:
Ayikoru, leta hiyo simu.

Akaleta. Miaka kumi na mitano,
kucha kazipaka rangi kwa kalamu ya wino,
mdomo kaukunja kama upindo niliokosea.

Mama Ezati alitwambia kanisani
kuna programu ya kumlinda mtoto:
ukiiweka, unaona anakopita,
nani anambishia hodi, na saa ngapi.
Mimi nimeshona sare za shule nne za Arua,
kola naikata bila chaki,
lakini kioo hiki nikikigusa kinanikimbia,
kinafungua mambo ambayo sikuyaita.

"Niwekee," nikamwambia.
"Nikuwekee nini?"
"Hicho cha kukuchunga."

Akanitazama. Akacheka, wala si kwa dharau,
akakaa juu ya gunia la vitambaa
na simu mbili mapajani, yake
na hii yangu iliyopasuka,
akaweka.
Mbuzi kajifunga kamba mwenyewe,
kisha akanikabidhi ncha.

Nywila aliiandika nyuma ya risiti:
jina la bibi yake na mwaka aliozikwa.
"Uifiche," akasema, "hata mimi nisiijue."
Nikaitia kwenye droo ya cherehani,
kati ya bobini na sindano zilizokatika.

Mwezi wa kwanza nilichungulia kila usiku,
kidole chini ya maneno, polepole:
nusu Kilugbara, nusu Kiingereza, nusu vicheko,
nusu tatu, hesabu za vijana.
Wasichana wanasukana. Mwalimu wa fizikia.
Mtu wa nchi ya mbali anakaanga mayai,
na mwanangu kamtazama mara kumi na tisa.
Nikachoka.
Mwezi wa pili nikawa nasinzia
na uzi ungali mdomoni.

Ikaja Jumanne ya mvua, wateja hakuna.
Nilikuwa natafuta bobini,
nikakutana na ile risiti.

Jina: Kaka Flevo.
Picha: gari. Uso hakuna.
Alianza na salamu, zikafuata sifa,
kisha bando la elfu tano, zawadi tu,
kisha: nitumie picha,
ukiwa peke yako, na usimwambie mtu.

Mikono hii hutunga uzi gizani.
Siku ile ilishindwa kushika simu.

Ujumbe ulikuwa wa wiki tatu nyuma.
Wiki tatu! Nilikuwa wapi?
Hapa hapa, hatua mbili kutoka mkeka wake.

Na chini yake, jibu, kwa herufi kubwa:

MAMA YANGU ANASOMA HIZI ZOTE.
ANAKUSALIMIA.

Baada ya hapo, kimya. Hata nukta.

Alirudi shuleni kalowa, viatu mkononi.
Nilikuwa nimepanga maneno mengi,
yakanitoka mawili: "Nimeona, leo."
Akakamua sketi mlangoni, maji yakachirizika.
"Najua hukuwa unasoma, Mama.
Unakoroma." Akanyamaza kidogo.
"Lakini yeye hakujua."

Sikumjibu. Nilimpa kanga kavu,
nikasonga enyasa, ikatoka na madonge,
akala yote.

Msidhani tumepatana.
Mimi nasema simu ilale saa tatu,
yeye saa nne na nusu;
anasema bando linakufa saa sita
na kulala mapema ni kumwaga maziwa.
Jana kabamiza mlango hadi mkasi ukaanguka.
Leo kafunga midomo tangu asubuhi.

Lakini risiti nimeinakili upya, wino ulianza kufifia,
na kila usiku, hata macho yakiwaka,
nasoma. Mistari mitatu, minne.
Mayai yale sasa nayajua:
anatia kitunguu kwanza,
anakosea, moto ni mkali mno.